Bingwa Asiyewahi Kupitwa

Kabla hujaituma hii kwa mwingine, isome mwenyewe mpaka mwisho. Ni fupi kuliko foleni ya benki, na huenda ikakufaa zaidi.

Mjini Njombe, mahali ambapo mwezi wa saba hata jua huchomoza likitetemeka, aliishi bwana mmoja aitwaye Optatus Mgaya. Mchana aliuza misumari na bati katika duka la Mzee Kiswaga. Jioni alikuwa bingwa wa dunia.

Ubingwa wenyewe ulikuwa ndani ya runinga. Optatus alikuwa na gemu la mashindano ya magari, na ndani ya gemu hilo kuna sehemu ya maisha ya dereva. Humo huanzi na gari zuri. Unamuumba dereva wako, unampa jina, anaajiriwa na timu maskini kuliko zote na kukabidhiwa gari linalokohoa. Kisha, mbio baada ya mbio, msimu baada ya msimu, anapanda ngazi mpaka afike kwa wakubwa. Akifanya vibaya, bosi wa timu anamwandikia ujumbe wa kumkaripia. Akizidi, anafukuzwa kazi.

Wengi huikatia tamaa safari hiyo wakiwa bado ligi ya chini kabisa. Optatus alifika kileleni. Dereva wake, O. Mgaya, hakuwahi kushindwa mbio hata moja.

Siri yake ilikuwa kitufe kimoja kwenye padi, kile kidude cha kuendeshea ambacho mchezaji hukishika kwa mikono miwili. Kitufe hicho kilikuwa cha kuanza upya. Gari lake likipitwa kwenye kona ya kwanza, Optatus alikibonyeza, na magari yote yakarudi mstarini kana kwamba hakuna kilichotokea. Likiguswa ubavuni, alibonyeza. Likikanyaga majani kidogo, alibonyeza. Mbio ya dakika chache iliweza kula Jumapili nzima. Ibada ya pili ingeisha, wageni wangekuja na kuondoka, naye Optatus bado yuko kona ya kwanza. Lakini mwishowe gemu liliandika: wa kwanza, O. Mgaya. Na gemu haliandiki mtu amerudia mara ngapi.

Dukani habari zilienea, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyezieneza. Mteja aliyeomba misumari alifungiwa misumari pamoja na simulizi ya ubingwa. Wenzake wakaanza kumwita Bingwa, kwa kumtania. Yeye akaitika bila utani.

Mkewe, Faraja, alivumilia. Siku moja tu alisema kwa upole kwamba ni jambo jema kuolewa na bingwa wa dunia, ila angependa pia kuolewa na mtu wa kutoa takataka nje.

Basi ikatokea kwamba mama yake Faraja, Bi Agripina Mwalongo, mkulima wa viazi, akaja mjini kutibiwa goti. Daktari akasema goti linahitaji mazoezi ya kila wiki hospitalini, kwa hiyo mama asirudi kijijini kwanza. Akakaribishwa kwa binti yake.

Kila mwenye mkwe ataielewa taabu iliyomfika Optatus. Mbele ya mama mkwe mtu hajinyooshi kwenye kochi, hapayuki, wala hagombani na runinga. Na runinga ilikuwa sebuleni. Jiko la mkaa nalo lilikuwa sebuleni, na Bi Agripina hakuwa mtu wa kukaa mbali na jiko la mkaa.

Siku za mwanzo Optatus alizima gemu kila aliposikia fimbo ya mama ikigonga sakafu ya koridoni. Baadaye akazidiwa. Jioni moja aliingia sebuleni na shati lililopigwa pasi, akatoa shikamoo, akaomba radhi kwa usumbufu, akakaa kwenye kiti cha mbao mgongo wima kama mtu anayengoja kipaimara. Ndipo akawasha gemu.

Bi Agripina alidhani ni habari za michezo. Alitazama kwa muda, akauliza yule O. Mgaya ni ndugu yao wa wapi. Optatus akajibu kwa unyenyekevu kwamba ni yeye mwenyewe. Mama akamtazama kwa heshima mpya, akataka kujua huko kwenye mashindano huwa anasafiri lini.

Faraja akaketi karibu na mama yake, akamweleza taratibu, naye akaelewa. Wakati huohuo gari la Optatus likapitwa. Akabonyeza kitufe, magari yakarudi mstarini. Likapitwa tena palepale. Akabonyeza tena.

Bi Agripina aliweka kikombe chini.

"Baba," akauliza, "hao waliokupita, wamekubali kurudia?"

Katika misimu yote ya ubingwa wake hakuna aliyewahi kumuuliza Optatus hivyo. Akaeleza kwamba wale si watu, ni mashine tu inayojiendesha. Mama akasema ameelewa, ila hata hivyo aliona si adabu.

Kesho yake, Optatus akiwa dukani, Bi Agripina alimwomba binti yake ampe naye hiyo padi. Faraja akamtengenezea dereva, A. Mwalongo, na timu moja maskini ikamwajiri. Vidole vya mama vilikuwa vimepukuchua mahindi miaka mingi na havikujua kubonyeza kwa upole. Taa za kuanzishia mbio zilipozimika, gari lake lilitoka mstarini kwa kishindo na kwenda moja kwa moja ukutani.

Faraja akamwonyesha kitufe cha kuanza upya. Mama akakataa. Alisema ukuta amekwisha kuugonga, na gari bado linatembea, kwa hiyo walifuate waone litawafikisha wapi. Liliwafikisha mwisho. A. Mwalongo alimaliza nyuma ya wote, bampa likiburuzwa barabarani, washindi wakiwa wamekwisha kupewa vikombe vyao.

Bosi wa timu akatuma ujumbe. Faraja akamtafsiria mama yake kwamba timu imesikitishwa sana na matokeo. Bi Agripina akaona masikitiko hayo ni ya haki. Akaagiza bosi ajibiwe kwamba ni pole yao wote, hata viazi mwaka jana havikustawi, mvua ilizidi.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi, goti limenyooshwa juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza. Alishindwa Jumatatu, akashindwa Jumanne. Timu ikamfukuza. Ikamchukua nyingine iliyo mbovu zaidi, naye akafurahi, akasema hawa angalau shida yao inaeleweka. Akajifunza kuendesha gari lisilo na bampa. Akajifunza kuendesha gari lenye gurudumu lililopinda. Magari mazima yalikuwa yakimpa taabu kidogo, kwa kuwa hakuyazoea.

Optatus akirudi jioni alimkuta mkwe wake karibu na mkia wa msimamo, akinywa chai kwa raha. Yeye aliyekuwa kileleni hakuwa na raha hiyo. Jambo hilo lilimkera, lakini mkwe hasemwi.

Siku hizo mfanyabiashara mmoja wa runinga akatangaza mashindano ya gemu hilohilo, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa mikutano. Kila timu ingekuwa na madereva wawili, na pointi zao zingejumlishwa kwa mbio mbili. Anayefika mwisho anapata pointi kwa nafasi yake. Anayeacha njiani hana kitu. Timu itakayoongoza ingepelekwa Mbeya.

Optatus alijiandikisha na mwenzake wa dukani, Zabroni. Mzee Kiswaga akawashonea fulana nyekundu zilizoandikwa MISUMARI NA BATI, akaahidi kukaa mstari wa mbele. Tena akasema, kwa sauti ya utani ambayo haikuwa na utani ndani yake, kwamba dukani anatafuta msimamizi, na angependa kumpata mtu asiyejua kushindwa.

Wiki ile Optatus hakulala vizuri. Alikuwa ameuza misumari ya watu wengine kwa muda mrefu, na neno "msimamizi" lilimkaa kifuani kama pumzi iliyokwama.

Asubuhi ya Jumamosi Zabroni alikuwa akimfungia mteja kreti la vioo, nyundo ikateleza. Alifika ukumbini na kidole gumba kimefungwa bandeji kikalingana na kiazi. Mwendesha mashindano akasema anampa pole, lakini sheria ni sheria: timu bila dereva wa pili inaondolewa.

Optatus akazungusha macho ukumbi mzima. Kila mchezaji alikuwa na timu yake. Ndipo Faraja alipomnong'oneza kwamba yupo mtu mmoja humu ndani aliyecheza kila siku ya wiki hii, na ameketi pale juu ya mto aliokuja nao kutoka nyumbani.

Hivyo ndivyo fulana ya Zabroni ilivyovaliwa na Bi Agripina, juu ya sweta, juu ya kitenge. Watu walicheka kidogo. Mzee Kiswaga hakucheka.

Mbio ya kwanza ilianza. Optatus aliondoka vizuri, na mpaka kona ya kwanza alikuwa mbele. Hapo kijana mmoja wa timu ya gereji akamgonga kwa nyuma, gari la Optatus likazunguka na kusimama limekingama barabarani. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kuanza upya.

Hakikufanya kitu. Siku hiyo kilikuwa kimezimwa kwa wote.

Optatus akabonyeza, akabonyeza tena. Magari yakampita kulia na kushoto. La mwisho kabisa lilipita taratibu, na dereva wake, aliyeketi kando ya Optatus, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, baba."

Optatus alikuwa hajawahi kuona migongo ya magari mengi kiasi kile. Hakujua mtu afanyeje akiwa nyuma, maana hakuwahi kukaa huko. Akaweka padi mezani, akasimama, akadai kifaa chake kibovu. Mwendesha mashindano akakijaribu, akasema kizima. Mzee Kiswaga alikuwa akitazama dari, akiikagua kama mtu anayetaka kuiuzia bati.

Bi Agripina alifika mwisho na kupata pointi chache. Optatus alipata sifuri.

Kabla ya mbio ya pili kulikuwa na mapumziko. Optatus akatoka nje ya ukumbi, akasimama kwenye baridi, akimpangia Mzee Kiswaga maneno ya kwamba anajisikia homa. Akasikia fimbo. Mama alikuja akasimama kando yake, naye Optatus akamwambia kwa aibu kwamba ni bora warudi nyumbani.

"Umepitwa, baba," alisema Bi Agripina. "Hujafa."

Akaegemea fimbo yake, akaendelea.

"Mimi kila siku napitwa. Ukiwa nyuma unawaona wote. Unamwona anayeyumba, unamwona mwenye haraka. Aliye mbele anaona barabara tu."

Hakusema zaidi, akageuka kurudi ndani. Ukweli ni kwamba Optatus hakurudi kwa sababu ya maneno hayo. Alirudi kwa sababu mtu hamwachi mama mkwe wake aingie peke yake kwenye ukumbi wa wageni, na goti lile.

Mbio ya pili. Kona ya kwanza. Kijana wa gereji akamgonga tena, safari hii ubavuni. Gari likarudi barabarani likiwa linakwenda upande kama kaa. Kidole cha Optatus kikakitafuta kitufe.

"Linavuta wapi?" mama akauliza bila kuinua macho.

"Kulia, mama."

"Basi usibishane nalo. Kona ya kulia liachie lijiendee. Ya kushoto likunje mapema."

Akaliachia. Akalikunja mapema. Gari likatii, si sana, ila kiasi cha kutosha. Optatus akaona jambo ambalo ubingwa wote haukuwahi kumwonyesha: wenzake nao walikuwa wakihangaika. Mmoja alikuwa akichelewa breki kila kona; akamsubiri, akampita. Wawili waligombea njia, wakatupana kwenye majani, akapita katikati. Alikuwa na gari bovu kuliko siku zote za maisha yake, na moyo wake ulikuwa ukidunda kwa furaha asiyoijua.

Mzunguko wa mwisho ulipoanza, mbele yake likatokea gari la kijani linaloburuza bampa. Lilikuwa la mkwe wake.

Optatus akapunguza mwendo.

Barabara ilikuwa imenyooka, pana, lori lingeweza kugeuza pale. Lakini alikaa nyuma ya lile gari la kijani kwa adabu, umbali wa heshima, kama anayemsindikiza kwenda msibani. Nyuma yake magari mengine yakaanza kusogea. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mzee Kiswaga akasimama.

"Baba, mbona hupiti?" mama akauliza.

"Siwezi kumpita mama," alisema Optatus, jasho likimtoka.

"Nyumbani mimi ni mkwe wako. Hapa ni dereva mwenzako. Pita."

Basi akapita. Walioketi karibu wanasema alipolingana naye aliinua makalio kidogo kutoka kitini na kupiga goti nusu, kama mtu anayemsalimia mkubwa njiani. Kisha akaongeza mwendo. Nyuma yake Bi Agripina, kwa lile bampa lake lililotanda barabara nzima, akawazuia waliomfukuzia. Baadaye alipoulizwa alisema hakukusudia. Bampa ndilo lililokusudia.

Optatus alifika wa tano, mama akafuatia wa sita.

Hawakushinda. Vijana wa gereji ndio walioongoza na kwenda Mbeya. Timu ya Misumari na Bati ilishika nafasi ya kati na kupewa chupa ya chai, ambayo Bi Agripina aliikagua kifuniko chake na kuridhika. Mzee Kiswaga alimpa mama mkono, akampungia Optatus kwa mbali, akaondoka bila neno.

Jumapili, baada ya ibada, Optatus aliwasha gemu na kumfungua O. Mgaya, bingwa asiyewahi kupitwa. Alimtazama kwa haya. Akaamua kumfuta, yeye na vikombe vyake vyote, ili aanze kutoka ligi ya chini kwa uaminifu kama mkwe wake. Akamweleza mama uamuzi huo, akitarajia kusifiwa.

Bi Agripina alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo unaanza upya," akasema.

Optatus akakitazama kidole chake. Kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Akakiondoa. Badala ya kufuta, aliongeza ugumu wa gemu mpaka juu kabisa, akaingia mbio inayofuata na jina lake lilelile na vikombe vyake vya kuokoteza. Alipitwa kona ya kwanza. Alipitwa ya pili. Alimaliza wa kumi na moja, akaiacha namba hiyo iandikwe, akaenda kutoa takataka.

Jumatatu jioni Mzee Kiswaga alibisha hodi. Optatus alimkaribisha, akampisha kwenye kochi. Mzee akapewa chai. Akajulia hali ya goti. Kisha akasema amekuja kwa jambo la usimamizi wa duka. Tangu Jumamosi amefikiri sana, na amepata mtu.

Optatus akajiweka sawa kitini.

Mzee Kiswaga akamgeukia Bi Agripina na kumwomba, kwa heshima zote, akubali kazi hiyo.

Faraja aliinamia birika kuficha uso. Optatus alibaki akiangalia ukuta kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mzee akaeleza kwamba amefanya biashara miaka mingi, bei zimempiga, mvua zimemwozeshea mbao, na hajawahi kuona mtu akiendesha kitu kibovu kwa utulivu kama alivyoona siku ile.

Bi Agripina alishukuru sana. Alisema viazi vyake vinamngoja, na goti likipona tu anaondoka.

"Mpe mkwe wangu," akaongeza.

"Mama, yeye mbio ya kwanza aliiacha," alisema Mzee Kiswaga.

"Aliiacha, akarudi. Zamani hakufaa. Sasa anafaa, ameshapitwa."

Mzee Kiswaga akamalizia chai yake polepole mpaka majani ya chini, akasimama, akavaa kofia. Mlangoni akamwambia Optatus afike mapema kesho kuchukua funguo za duka, na wateja waanze kuuziwa misumari bila simulizi.

Funzo: Anayeanza upya kila anapopitwa hatajua kamwe barabara inaishia wapi. Kupitwa hakumshushi mtu garini, hushuka mwenyewe.